Nani Kakwambia Ni Nzuri?

Mteja anayeingia kwenye duka la kujaza muvi, liwe Tandika, Mbeya au Mwanza, mara nyingi hataji jina la filamu. Anaweka fleshi juu ya kaunta na kusema, "Niwekee sizoni kali, iwe imetafsiriwa, ile ya juzi nimeimaliza." Kijana aliye nyuma ya kompyuta anauliza mawili matatu. Ya Kikorea au ya Kituruki? Mapigano au mapenzi? Unaangalia peke yako au na familia? Kisha anakopi mafaili, anapokea hela yake, na wiki inayofuata mteja yuleyule anarudi, ama kuchukua nyingine ama kulalamika. Kazi hiyo haina cheo, na kwa sehemu kubwa haina hata uhalali, kwa kuwa filamu zinazouzwa hapo aghalabu zimekopiwa bila ruhusa ya wenyewe. Hata hivyo, kijana yule anafanya kila siku jambo ambalo kampuni kubwa za filamu za mtandaoni zimemwaga mamilioni ya dola kulitafuta: anakisia mtu fulani atapenda nini, na anapatia mara nyingi kiasi cha kuishi kwa kazi hiyo.

Zamani swali la "nitazame nini?" lilijibiwa na uhaba. Ukumbi mmoja ulionyesha picha moja, na mtu aliamua kwenda au kubaki nyumbani. Desemba 2023, Netflix ilipotoa kwa mara ya kwanza orodha pana ya vilivyotazamwa na wateja wake katika nusu ya kwanza ya mwaka huo, orodha hiyo ilikuwa na majina zaidi ya 18,000. Na hiyo ni kampuni moja. Ongeza Amazon Prime Video, Disney+, YouTube, na yale yanayozunguka Telegram bila leseni ya mtu yeyote, utaona kwamba hata kuyasoma majina tu ni kazi ya kumchosha mtu. Ndiyo maana katika magrupu ya WhatsApp ujumbe mmoja haukauki ikifika Ijumaa jioni: jamani, nipeni muvi kali.

Hamu ya kuulizana haijapungua, basi. Kinachopungua ni kile anachoweka rehani yule anayejibu.

Wataalamu walianza kuchunguza jambo hili mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1945 watafiti wa Marekani walikwenda Decatur, mji wa kawaida katika jimbo la Illinois, wakawahoji wanawake wapatao 800 kuhusu mambo manne: ununuzi wa vitu vya nyumbani, mitindo ya mavazi, siasa na sinema. Walitaka kujua ni nani hasa anayembadili mtu mawazo. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, cha Elihu Katz na Paul Lazarsfeld, kilitoka mwaka 1955 na kikawa mojawapo ya misingi ya somo la mawasiliano. Kwa upande wa sinema jibu lilikuwa wazi. Waliosikilizwa zaidi hawakuwa wasomi, matajiri wala waandishi wa magazeti. Walikuwa wasichana ambao hawajaolewa, wale waliokwenda sinema mara kwa mara na wenzao. Watu wazima waliotaka kujua picha gani inafaa waliwauliza wao.

Msomaji wa pwani hahitaji Decatur kuamini hilo. Zanzibar na Dar es Salaam za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa miji ya sinema kwelikweli, na mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake kuhusu watazamaji na wenye majumba ya sinema Tanzania kilitoka mwaka 2018, ameonyesha jinsi picha za Kihindi zilivyokuwa jambo la familia nzima na la mtaa mzima. Awara ya Raj Kapoor, iliyotengenezwa mwaka 1951, ndiyo iliyobaki vinywani kuliko karibu nyingine zote. Watu waliitazama, wakaisimulia, wakaimba nyimbo zake bila kujua Kihindi, wakabishana iwapo mtoto hufuata damu ya baba yake au malezi ya mtaani. Yule asiyekwenda aliipata barazani siku ya pili, ikiwa imetiwa chumvi. Ila pendekezo la wakati ule lilikuwa na tarehe ya mwisho: picha ilikaa siku chache ikaondoka, tiketi za Jumapili ziligombewa, na anayekwambia "nenda" huenda angekuwa kiti cha tatu kutoka chako. Ukichoka katikati ya picha, unajua wa kumgeukia.

Video ilipoingia, mambo yalihamia kwenye vibanda vya kuonyeshea video, vibanda umiza. Huko akazuka mtu ambaye historia ya sinema duniani haijampa nafasi yake: mtafsiri wa muvi. Tanzania ilimjua Kapteni Derek Mukandala, maarufu Lufufu, ambaye sauti yake ililazwa juu ya filamu za kigeni na kuzifanya zizungumze Kiswahili cha mtaani. Baadaye wakaja DJ Mack na wengine wengi. Kenya ina DJ Afro, ambaye Kiswahili chake chenye Sheng kimesikika katika kumbi za video, kwenye mabasi na vinyozini kwa zaidi ya miaka ishirini. Uganda ina ma-VJ, na VJ Jingo ni jina ambalo mtazamaji wa Kampala hulitaja kama wengine wanavyomtaja mwigizaji. Kule Wakaliga, kwenye mtaa wa kipato cha chini wa Kampala, Nabwana IGG alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha kiduchu, na sauti ya VJ Emmie inayoshangilia, kutania na kuahidi makubwa zaidi ndiyo iliyoifanya filamu hiyo ipendwe hadi Ulaya na Marekani na watu wasiojua neno moja la Kiganda.

Kumwita mtu kama huyu mkalimani ni kumpunja. Anapoeleza maneno ya stelingi, anamsifu pia, anamwonya, anamcheka adui, anakwambia ukae mkao wa kula maana sasa ndipo pananoga. Kwenye sehemu inayobosha anapiga soga mpaka ipite. Huo ni uhakiki, tena unaotolewa filamu ikiendelea, na mtazamaji huupokea bila kujua kwamba amepewa maoni. Matokeo yake ni kwamba watu wengi Afrika Mashariki hawakuchagua filamu kwa jina la mwongozaji wala la kampuni. Walichagua kwa sauti: "Hii ni ya DJ Afro?" Kama ndiyo, wakaingia. Jina la mtafsiri lilikuwa muhuri, na muhuri una gharama, kwa kuwa akitafsiri takataka tatu mfululizo, kibanda kinabaki na mabenchi matupu.

Kisha zikaja sizoni za kwenye diski. Prison Break, 24, na ile ya Kikorea ya Jumong yenye vipindi 81, ziliingia majumbani kupitia mikono ya watu. Mtu alinunua diski Kariakoo, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi, akamaliza, akamwazima mwenzake wa ofisini, naye akamwazima shemeji yake, mpaka diski ikarudi ina mikwaruzo au isirudi kabisa. Kuazimana huko kulikuwa na sheria zake. Aliyekuazima alikuwa na haki ya kukuuliza umefikia wapi. Ukikaa nayo mwezi mzima bila kuitazama, umemkosea mara mbili: umedharau ladha yake, na umemnyima mwingine aliyekuwa kwenye foleni. Pendekezo na kitu chenyewe vilikabidhiwa kwa mkono mmoja.

Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, kazi hiyo ilikuwa ikihamishiwa kwenye hesabu. Oktoba 2006 Netflix, ambayo bado ilikuwa ikiwatumia wateja wake wa Marekani DVD kwa posta, ilitangaza zawadi ya dola 1,000,000 kwa yeyote atakayeboresha kwa asilimia 10 uwezo wa mfumo wake wa kukisia mteja ataipa filamu nyota ngapi. Washindani walipewa alama zaidi ya milioni 100 zilizotolewa na wateja wapatao 480,000. Ilichukua karibu miaka mitatu. Septemba 2009 zawadi ilikwenda kwa kundi lililojiita BellKor's Pragmatic Chaos. Kundi jingine lilipata alama zilezile, lakini lilichelewa kuwasilisha kazi yake kwa dakika 20.

Kilichofuata hakisimuliwi sana. Netflix haikuutumia mfumo wote ulioshinda. Wahandisi wake walieleza mwaka 2012 kwamba faida iliyoongezeka haikulingana na kazi ya kuuingiza, na kwamba biashara yenyewe ilikuwa imehama. Huduma ya kutazama moja kwa moja mtandaoni ilikuwa imeanza mwaka 2007, na pamoja nayo ilikuja taarifa bora kuliko nyota. Kampuni sasa ilijua mtu ameanza nini, ameachia dakika ya ngapi, amerudia nini saa sita usiku. Nyota, ikaonekana, zilikuwa na unafiki. Mtu anaipa nyota tano filamu nzito ya kihistoria kwa heshima, halafu akishachoka na kazi anatafuta vichekesho. Mwaka 2017 nyota zikaondolewa, vikabaki vidole gumba viwili, cha juu na cha chini.

Mashindano yale yaliacha pia funzo lisilotarajiwa. Netflix ilifuta majina ya wateja kabla ya kutoa alama zao, lakini watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, walionyesha kwamba ukizilinganisha na maoni ambayo watu wameyaandika hadharani kwenye tovuti ya IMDb, unaweza kumtambua mtu na kuona mengine yote aliyoyatazama. Kesi ikafunguliwa, na Machi 2010 mpango wa mashindano ya pili ukafutwa. Anayempendekezea mwenzake filamu huchagua cha kusema na cha kuficha. Hakuna anayemtajia bosi wake kila alichokiona. Mashine ya mapendekezo hujua vyote, hata vile ambavyo mtu hajakiri nafsini mwake.

Je, mashine inafanya kazi? Bila shaka. Mwaka 2015 viongozi wawili wa Netflix, Carlos Gomez-Uribe na Neil Hunt, waliandika kwamba takriban asilimia 80 ya saa zinazotazamwa hutokana na mapendekezo ya mfumo, na asilimia 20 tu na watu kutafuta wenyewe. Waliongeza kwamba mteja akikosa cha kumvutia ndani ya sekunde 60 hadi 90 huanza kuchoka na anaweza kuondoka, na kwamba mapendekezo pamoja na kupanga kurasa kwa kila mteja huiokolea kampuni zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka kwa kuzuia watu kukatisha malipo.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Hoja nyepesi ingekuwa kusema mashine haipotezi kitu ikikosea. Inapoteza, tena kwa mabilioni. Ila inapoteza kwa jumla, kwa wastani wa mamilioni ya watu, wala hakuna siku itakayokutana na mtazamaji mmoja njiani na kuulizwa, "Ile uliyonipa jana ilikuwa nini?" Mwenye kibanda, kijana wa fleshi, shemeji mwenye diski, kila mmoja alipoteza mbele ya mtu anayemfahamu. Aibu hiyo ndogo ilimfanya afikirie kabla ya kusema. Mashine hutupa mapendekezo arobaini kwenye skrini moja, na ikipatia mawili imefaulu. Mtu akipendekeza arobaini na kupatia mawili, hataulizwa tena.

Mashine pia ina mbinu ambazo binadamu angeona haya kuzitumia. Tangu katikati ya miaka ya 2010 Netflix imekuwa ikibadilisha picha ya tangazo la filamu kulingana na nani anaitazama: mpenda mapenzi anaoneshwa wapendanao, mpenda vichekesho anaoneshwa mchekeshaji wa filamu hiyohiyo. Oktoba 2018 baadhi ya watazamaji weusi wa Marekani walilalamika kwamba walioneshwa mabango yenye waigizaji weusi waliotokea kwenye filamu kwa dakika chache tu. Mfano uliotajwa sana ni Like Father, ambayo nyota wake wakuu ni Kristen Bell na Kelsey Grammer. Kampuni ilijibu kwamba haiwaulizi wateja rangi wala kabila lao na hutumia historia ya kutazama pekee. Huenda ni kweli, na bado mtu aliyebofya kwa sababu ya uso ule ana haki ya kuona amedanganywa. Kijana wa dukani akikuuzia filamu kwa kukuonyesha uso wa mtu anayepita tu, utarudi na fleshi yako mkononi na maneno mazito mdomoni.

Kisha kuna orodha za kumi bora, ambazo Netflix ilianza kuzionyesha kwenye programu yake mwaka 2020. Watafiti Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walikwisha kuonyesha mwaka 2006 zinavyofanya kazi, kwa jaribio la muziki lililoshirikisha watu zaidi ya 14,000. Waliwagawa washiriki katika makundi yasiyoonana, nyimbo zilezile, baadhi ya makundi yakiona wimbo gani umepakuliwa mara ngapi. Palipoonekana idadi, vinara walipanda juu zaidi, waliododa wakadoda zaidi, na wimbo ulioongoza katika kundi moja ungeweza kuwa wa katikati katika jingine. Nyimbo bora kabisa zilinusurika kushindwa na mbovu kabisa hazikushinda, lakini kati yake bahati ndiyo iliyogawa. Orodha ya kumi bora ni umbea wa umati: inakwambia wenzako wako wapi, haikwambii kama panafaa kukaa. Kwa watu wengi hilo latosha, kwa sababu nusu ya raha ya tamthilia ni kuwa na la kusema Jumatatu kazini.

Squid Game ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Ilitoka Septemba 2021, kwa Kikorea, na katika siku 28 za mwanzo ilitazamwa kwa saa bilioni 1.65, rekodi ya Netflix kwa wakati ule. Mapendekezo ya mfumo yalisaidia, lakini mtu aliyekuwa na simu mwezi ule anakumbuka jinsi ilivyofika: video fupi za watoto wakikata maumbo kwenye pipi ya sukari, lile dubwana la mwanasesere anayegeuza shingo, utani wa kila aina. Watu walipeana, na mashine ikafuata.

Kwa Afrika Mashariki hesabu ina tarakimu nyingine, nayo ni bando. Netflix yenyewe inakadiria kwamba saa moja ya kutazama kwa ubora wa kawaida hula hadi GB 1, na kwa HD hadi GB 3. Ipo njia ya kubana kwenye simu ili GB moja itoshe saa kadhaa, lakini picha inakuwa ya kuvumilia. Kwa mtu anayenunua data ya siku au ya wiki, filamu mbovu ni hasara inayoonekana kwenye salio. Mmarekani mwenye waya wa intaneti nyumbani akionja dakika kumi na kuhama, hajapoteza kitu. Anayelipia kila MB hawezi kuonjaonja hivyo. Ndiyo sababu mfumo uliojengwa kwa dhana kwamba mteja atajaribu hiki na kile unamfaa kidogo, na ndiyo sababu duka la fleshi limedumu: kule unalipa kwa filamu, unaipeleka nyumbani, na kuna mtu wa kulaumu.

Kampuni zenyewe zimelitambua hilo kwa njia yake. Septemba 2021 Netflix ilianzisha Kenya mpango wa bure kwa simu za Android, usiohitaji hata kadi ya malipo, wenye sehemu tu ya filamu zake. Novemba 2023 mpango ukafungwa. Katikati ya hapo ikaja vita ya nywila. Mwaka 2017 akaunti ya Netflix kwenye Twitter iliandika kwamba kugawana nywila ni mapenzi. Kufikia 2023 kampuni hiyohiyo ilikuwa ikiwabana wanaogawana kati ya nyumba moja na nyingine. Gharama iliyozungumzwa ilikuwa ya fedha. Isiyozungumzwa ni kwamba ndugu watatu waliotumia akaunti moja waliona nini kimebaki katikati kwenye skrini ya mwenzao, wakakiendeleza. Ilikuwa njia ya kupendekezeana bila kusema neno, na imekatwa.

Tatizo jingine limekuja kimyakimya: pendekezo limetengana na kitu. Dada aliye Toronto anamwandikia mdogo wake wa Arusha kwamba lazima aone tamthilia fulani. Mdogo mtu anaitafuta, haipo, kwa kuwa haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi na katalogi ya Kanada si ya Tanzania. Au ipo, lakini kwenye jukwaa la nne ambalo halipii. Au ilikuwepo hadi mwezi uliopita. Hivyo anaandika jina kwenye simu, chini ya majina mengine aliyokwisha kupewa, na maongezi yanaishia hapo. Enzi ya diski aliyetaja ndiye aliyetoa. Sasa anayetaja hana cha kutoa ila jina, na majina ni bure; kila mtu anayagawa.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo mtu wa karibu pekee ndiye anayeyajua. Kubwa kati yake ni sebule. Televisheni katika nyumba nyingi za Kiswahili ni ya wote: bibi yupo, watoto wapo, mgeni anaweza kuingia wakati wowote, na rimoti haina mwenyewe. Nembo inayosema 16+ au 18+ haikusaidii kujua kama dakika ya arobaini italazimu baba ainuke ghafla kwenda kunywa maji. Ndipo rafiki mzuri anaposema, "Hii angalia mwenyewe," au, "Hii hata na mama mkwe, hakuna neno." Hakuna mashine inayojua ni nani amekaa kwenye kochi. Tamthilia ya Kituruki ya Sultan, inayohusu jumba la Sultani Suleiman, ambayo Azam TV iliitia sauti za Kiswahili, ilitazamika na familia nzima kwa kiasi kikubwa kwa sababu hiyo: fitina za mahaba zimejaa, lakini mavazi ni marefu na macho ndiyo yanayofanya kazi.

Serikali nazo hupendekeza, zikijua au zisijue. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, kuhusu mke kijana wa Beijing anayehangaika na wakwe. Ilipendwa kiasi kwamba Machi 2013 Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam. Si kila siku mkuu wa dola kubwa anapouzungumzia ugomvi wa mkwe na mkaza mwana katikati ya sera za nje. Kenya ilikwenda kinyume: Aprili 2018 bodi ya filamu iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes, kwa sababu ya mapenzi ya wasichana wawili yaliyomo. Septemba mahakama iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu, na kumbi za Nairobi zikafurika. Bodi ingelipa kampuni ya matangazo isingepata umati ule.

Filamu za nyumbani ndizo zinazoumia zaidi katika mpangilio huu. Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo dhidi ya filamu za kigeni zinazouzwa kiholela bila kodi, na umma ukawajibu kwa maneno makali kwamba watengeneze kazi nzuri kwanza. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini wote waliliruka swali la nani anayeiweka filamu mkononi mwa mtazamaji. Kijana wa fleshi aliweka ya Kikorea iliyotafsiriwa kwa sababu wateja walirudi kuiulizia. Mashine nayo hujifunza kwa kilichokwisha kutazamwa, na filamu isiyo na watazamaji haina kumbukumbu ya kuipandisha juu. Country Queen, tamthilia ya kwanza ya Kenya kubeba nembo ya Netflix, ilitoka Julai 2022. Filamu ya Binti ya Seko Shamte ya mwaka 2021 ilifika kwenye jukwaa hilohilo. Kuwepo kwao huko ni ushindi, ila kuwepo ndani ya ghala la majina maelfu si sawa na kupendekezwa.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021 na Tanzania ikaiteua kuwania Oscar. Wasomaji wa Shafi ni wengi, wamo waliosoma kitabu hicho shuleni, na hakuna mashine inayoweza kuwapata wote na kuwaambia. Wao kwa wao wanaweza. Kikwazo chao huwa kimoja: chini ya jina la filamu kama hii kwenye grupu, swali linalofuata ni "Naipata wapi?", na aliyeipendekeza aliiona kwenye tamasha au ukumbini kwa siku chache, hana kiungo cha kutuma. Wachekeshaji na watengenezaji wa tamthilia fupi wanaopandisha kazi zao YouTube wamelikwepa tatizo hilo. Kwao jina na kitu ni kiungo kimoja, kinafunguka Muscat kama kinavyofunguka Tanga, na asiyekipenda anajibu palepale kwenye grupu, mbele ya watu wote, akimtaja kwa jina aliyekituma.